Deni nililolipa lilirudi na faini: uzoefu wangu wa kudai ushahidi na kusafisha jina CRB

Naandikia yeyote anayepigiwa simu na "ofisi ya wakili" kuhusu mkopo wa simu asioutambua, au aliokwisha kuulipa. Ninazozipima hapa ni huduma mbili: idara ya kukusanya madeni ya kampuni moja ya mikopo ya simu, ambayo sitaitaja, na huduma ya kupinga taarifa katika mojawapo ya CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Ya kwanza naipa nyota moja, tena kwa kuwa barua pepe yao angalau inafika. Ya pili, tatu.

Mkopo wenyewe ulikuwa shilingi 3,000. Niliukopa mwaka jana, nikaulipa pamoja na riba kwa paybill yao (namba ya kampuni ya kupokea malipo ya M-Pesa), nikaifuta ile programu. Miezi ikapita kimya. Ghafla ikaingia SMS ya herufi kubwa tupu: nadaiwa 8,740, nilipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo "maafisa watafika nyumbani". Kisha wakampigia shemeji yangu, mtu ambaye hakunidhamini wala hakujua kama niliwahi kukopa. Kosa lake ni kuwa jina lake limo kwenye simu yangu.

Kanuni za mikopo ya kidijitali za 2022 zinakataza yote mawili, vitisho na kuwasumbua watu waliohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji. Na deni ni kesi ya madai: hata kama ningekuwa nadaiwa kweli, wa kuamua ni hakimu, si kijana mwenye vipokea sauti masikioni.

Dada aliyenipigia kutoka hiyo "ofisi ya wakili" hakuwa mkali, tuseme ukweli. "Madam, wewe tuma 4,000 leo tufunge hii faili." Nikamwuliza, dada yangu, hiyo 8,740 mmeipataje? "Mfumo ndio unaonyesha hivyo." Mfumo umehesabu nini juu ya nini? Hajui. Ana jina langu, namba yangu na kiasi, basi.

Watu wengi nyumbani waliniambia nilipe hizo elfu nne nipumue. Nilikataa, na si kwa ubishi. Ukilipa sehemu ya deni unalolipinga, umelikubali. Sheria ya Kenya inampa mdai miaka 6 kushtaki kwa deni la mkataba, na malipo hata kidogo yanaanzisha hesabu upya. Halafu kuna CRB: ukilipa, akaunti itaandikwa kwamba imelipwa, lakini historia ya kwamba ulishindwa inabaki miaka 5. Kwa hiyo mtu anayelipa ili jina lisafike ananunua kitu ambacho hakiuzwi.

Nilichofanya ni kuacha simu kabisa na kuhamia kwenye maandishi. Barua pepe yangu ilikuwa fupi. Nilisema deni hili nalipinga, sitalizungumzia kwa simu, na naomba waniletee: masharti niliyoyakubali siku ya kukopa, namba ya muamala wa M-Pesa wa siku waliyonitumia pesa, taarifa ya akaunti inayotenganisha pesa ya mkopo, riba na faini, na kuonyesha kila malipo, barua inayoipa hiyo "ofisi ya wakili" mamlaka ya kunidai, na nakala ya ilani ambayo mkopeshaji anapaswa kumpa mteja siku 30 kabla ya kupeleka jina lake CRB. Nikanukuu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayonipa haki ya kuona taarifa zangu na kutaka zilizo za uongo zirekebishwe. Nakala nikaipeleka Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data. Nadhani hizo anwani mbili ndizo zilizofanya kazi kuliko ufundi wangu wa kuandika, maana SMS zilikoma.

Majibu yao? Picha moja ya skrini. Juu jina langu, chini yake 3,000, kisha safu ya faini inayoteremka wiki baada ya wiki, na kwenye safu ya malipo, sufuri. Hakuna mkataba, hakuna ilani, hakuna barua ya wakili.

Lakini ile sufuri ndiyo iliyowaangusha. Nilibonyeza *334#, nikaomba taarifa ya M-Pesa. Faili inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, namba ya kuifungulia inaletwa kwa SMS. Malipo yangu yalikuwemo: namba ya muamala, tarehe, namba ya paybill yao, kiasi. Nikauzungushia mstari huo wino mwekundu nikawatumia.

Hapo ndipo CRB inapoingia, maana lile deni lilikuwa limeandikwa huko, na hapo ndipo nyota mbili zilipopotea. Kuipata ripoti ni rahisi, na kila mtu ana haki ya moja ya bure kwa mwaka. Inaonyesha nani kakuorodhesha, salio, siku za kuchelewa, hata waliochungulia taarifa zako. Ila nilipotaka kupinga, mhudumu wa kwanza aliniambia "malizana na mkopeshaji kwanza." Si kweli. Mteja anaruhusiwa kupeleka pingamizi CRB moja kwa moja, na wao ndio wanaomtaka mkopeshaji athibitishe alichoandika. Nilipojaza fomu na kuambatisha barua pepe zangu, ile picha ya sufuri na mstari mwekundu, mhudumu mwingine alipokea bila maneno na kazi ikaenda.

Deni liliondolewa. Kampuni iliandika sentensi moja tu, kwamba akaunti "imesawazishwa". Malipo yangu yalikwama wapi, hawakusema, na msamaha sikuuona.

Kama unatafuta kazi na umeambiwa upeleke cheti cha CRB pamoja na kile cha tabia njema, usikimbilie cheti. Vuta ripoti kwanza. Na usiishie ofisi moja. Hizi ofisi ni zaidi ya moja na kila moja ina faili yake: mimi nilikuta lile deni bado limekaa kwa ya pili, ikabidi nitume karatasi zilezile tena.