Bangili za Pingili za Kubadilisha: Tazama Springi Kabla ya Mapambo

Tangu bangili za pingili zirudi katika mitindo, malalamiko ya wasomaji wangu yamekuwa ya aina moja. Bangili ilinunuliwa ikiwa inang'aa, ikavaliwa kwa wiki chache, kisha pingili moja ikadondoka ndani ya daladala au sokoni, na kwa bahati mbaya iliyodondoka ikawa ndiyo yenye herufi ya jina la mtoto. Msomaji mmoja wa Tanga aliporudi kwa aliyemuuzia, alijibiwa kwamba mkono wake ni mnene. Jibu hilo lilinikera vya kutosha kuandika mwongozo huu, kwa kuwa lina chembe ya ukweli ambayo muuzaji mwenyewe hakuielewa, na ukielewa ukweli huo utaona kwamba lawama ni yake.

Ninazozungumzia ni zile bangili bapa za chuma, maarufu kama bangili za Kiitaliano, ambazo hazina kufuli wala mnyororo. Ni pingili peke yake zilizoshikana, kila moja ikiwa na upana wa milimita 9, na yoyote kati yake inaweza kutolewa ili nafasi yake ichukuliwe na nyingine yenye herufi, ua, bendera au jiwe. Zilitoka Firenze, nchini Italia, zikavuma duniani kuelekea mwaka 2000 na miaka michache iliyofuata, zikasahaulika, na sasa mabinti ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa wanazitafuta kama kitu kipya kabisa. Rangi yake, uzuri wa michoro yake na kama unaweza kuoga nayo ni mambo ambayo sitayagusa, kwa sababu kila muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Ninataka utazame kitu ambacho hakionekani katika tangazo lolote, nacho ni springi.

Geuza bangili uitazame upande wa nyuma. Ndani ya kila pingili kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyokunjwa mfano wa herufi U, na hivyo ndivyo vinavyoishika pingili ya jirani na kuirudisha mahali pake kila unapoivuta bangili ili ipite kiganjani. Ni ufundi uleule wa mikanda ya saa inayovutika, ambayo wazee wetu waliivaa huku wakilalamika kwamba inawang'oa vinyweleo. Mkanda uliojulikana zaidi wa aina hiyo, Twist-O-Flex wa kampuni ya Speidel ya Marekani, uliingia sokoni mwaka 1959, kwa hiyo hakuna kiwanda leo kinachoweza kujitetea kwamba namna ya kutengeneza springi nzuri ni siri. Springi ya chuma kizuri huvutika na kurudi kwa miaka mingi, lakini ya chuma hafifu hubaki imelegea, mwanya hujitokeza kati ya pingili mbili, mwanya huo hunasa nyuzi za mtandio, na siku moja mkono ukijipinda pingili huteleza pembeni na kuondoka bila wewe kusikia chochote.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalijui, au wanalijua na kulinyamazia. Springi zote za bangili moja hugawana mvuto. Zikiwa na nguvu sawa, kila moja huvutika kidogo tu. Lakini ikiwepo moja iliyo dhaifu, hiyo ndiyo itakayovutika zaidi kila unapovaa na kuvua, nayo itazidi kudhoofika hadi bangili nzima ionekane mbovu kwa sababu ya pingili moja. Ndiyo maana tabia ya kununua bangili tupu nzuri, yaani isiyo na mapambo, na kuijaza pingili za bei ya chini kutoka kwa wauzaji wanne tofauti ni hasara, hata kama zote zina upana wa milimita 9 na zinaingiliana vizuri siku ya kwanza. Chagua mtengenezaji mmoja ubaki naye.

Sasa turudi kwenye mkono mnene. Bangili tupu nyingi huuzwa zikiwa na pingili 18, yaani sentimita 16.2, na kila mteja huambiwa kwamba itamtosha kwa kuwa inavutika. Ni kweli inavutika, ila springi zile zimewekwa ili bangili ipite kiganjani kwa sekunde moja na kurudi, hazikuwekwa ili zikae zimevutika tangu asubuhi hadi usiku. Mwanamke anayevaa bangili fupi kuliko mkono wake anaziua springi zake polepole, na hapo ndipo ilipo ile chembe ya ukweli niliyoitaja. Dada yetu wa Tanga alipojipima kwa uzi alipata sentimita 18, ambazo ni pingili 20 kamili. Pingili mbili tupu za ziada, ambazo ndizo za bei ndogo kuliko zote dukani, zingemwondolea matatizo yote hayo, na aliyepaswa kumwambia ni yule aliyepokea fedha zake. Wewe pima kifundo cha mkono wako kwa milimita, gawanya kwa 9, na ukipata jibu lenye desimali, chukua nambari nzima inayofuata.

Ukiwa dukani, ivute bangili kwa upole na uiachie, kisha iinue kwenye mwanga uangalie kama kuna mwanya uliobaki. Ipitishe juu ya mtandio mwepesi, kwa sababu kitambaa cha shifoni kitagundua ncha iliyotokeza kabla ya kidole chako. Mwombe muuzaji aondoe pingili moja na kuirudisha mbele yako: bangili hukunjwa kwa nyuma hadi pingili mbili zitengeneze pembe, vindoano vikaonekana, ndipo moja husukumwa pembeni. Asiyeweza kufanya hivyo bila kutumia kisu hauzi bangili ya kubadilisha, anauza bangili ya kawaida yenye maelezo mazuri. Jaribio la sumaku ambalo wengine hulifanya kwa mbwembwe, wakidai kwamba bangili nzuri haivutwi, lisikushawishi hata kidogo. Shaba haivutwi na sumaku, na kwa upande mwingine chuma cha pua kizuri cha aina ya 304 kinapokunjwa kikiwa baridi hupata usumaku kidogo, kwa hiyo sumaku inaweza kuipitisha bangili mbovu na kuikataa nzuri.

Sasa nizipange zilizopo sokoni. Nafasi ya kwanza naipa kampuni ya Nomination, mkusanyiko wake wa Composable katika ukubwa wa Classic, na sioni haya kusema kwamba naipendelea waziwazi. Kampuni hiyo ilianzishwa na Paolo Gensini mwaka 1987 katika eneo la Firenze, na ndiyo iliyozieneza bangili hizi duniani. Mwili wa pingili ni chuma cha pua, mapambo mengi ya dhahabu ni ya alama 750, yaani sehemu 75 kwa 100 ni dhahabu halisi, na jina la kampuni limechongwa kwenye chuma chenyewe. Yote hayo ni mazuri, lakini kinachonifanya niiweke juu ni kwamba pingili zake hushikana kwa nguvu inayolingana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na ukiivuta na kuiachia unasikia mlio mmoja mfupi badala ya mkwaruzo. Aliyenunua miaka mingi iliyopita anaweza kununua pingili leo na ikakaa mahali pake bila ugomvi. Kasoro yake ni kwamba chuma kilichong'arishwa kiasi hicho huonyesha kila mkwaruzo, hasa upande wa chini unaogusa meza ya ofisini. Angalia pia kwamba zipo za kughushi zenye jina hilohilo, na maandishi yake mara nyingi ni hafifu, kwa hiyo jina lililochongwa halikuondolei wajibu wa kuipima springi.

Ya pili ni Zoppini, nayo ya Firenze, ambayo ilikuwa mshindani wa kweli katika kipindi cha umaarufu wa mwanzo. Ukimpata mtu anayeuza yake iliyotumika na springi zikapita majaribio niliyoyataja, chukua bila kusita.

Nafasi ya tatu ni ya Pandora, na najua uamuzi huu utawaudhi wengi. Kampuni hiyo ilianzia Copenhagen mwaka 1982, vito vyake hutengenezwa Thailand, na bangili iliyoipa umaarufu, ile ya kutungia vishaufu, ilitoka mwaka 2000. Inayohusika zaidi na mada yetu ni ile ya mkusanyiko wa Pandora ME, ambayo ina viungo vya fedha vinavyofunguka ili uvipange upya au uvitundikie vidude. Kwa kuwa haivutiki, haina springi za kuchoka, na hilo ni jambo la kuisifia. Lakini fedha ya alama 925 ni laini kuliko chuma cha pua, nayo huwa nyeusi, hivyo anayeishi pwani ajiandae kuisugua mara kwa mara. Zaidi ya hayo, kuifunga kwa mkono mmoja asubuhi ukiwa umechelewa ni adhabu, ilhali bangili ya Nomination unaipitisha kiganjani huku unatoka mlangoni.

Kuna njia ya nne ambayo watu wetu wanaisahau. Sonara mzuri wa Mji Mkongwe au wa Mombasa anaweza kukutengenezea viungo vya fedha vyenye maandishi unayoyataka na kuviunganisha kwa pete ndogo zinazofunguka. Hatakutengenezea springi, na usimwombe, lakini kazi yake itarekebishika akiwa hai yeye au mwanawe.

Za bei ya chini zinazojazana Kariakoo na kwenye maduka ya Dubois Road jijini Nairobi nimeziweka mwisho. Mtoto anayetaka kuchezea mapambo kwa likizo moja anaweza kununuliwa hizo, mradi ngozi yake haina mzio wa metali ya nikeli. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo kwamba pambo linalokaa kwenye ngozi kwa muda mrefu lisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na muuzaji anayekwambia tu kwamba mzigo wake umetoka Dubai hajajibu swali hilo. Kwa wakazi wa pwani, ulizia chuma cha aina ya 316L, ambacho kina metali ya molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 na hustahimili jasho na chumvi kuliko 304.

Katika kupanga, usiweke pingili mbili zenye mawe yaliyoinuka pamoja, kwa sababu bangili ikijikunja husuguana na kung'oana. Pingili pana, yenye ukubwa wa mbili, haijikunji katikati, basi ikae juu ya mkono ambako ni bapa, isikae ubavuni. Zenye enameli, ile rangi ngumu inayong'aa kama kioo, zikae mbali na upande wa chini. Jina lipange ukiwa umeivaa, ukiamua kwanza nani atakayelisoma, wewe au aliyeketi mbele yako. Binafsi naona pingili tano au sita zenye mapambo zinatosha, zilizobaki ziwe tupu, kwani bangili iliyojaa picha kutoka ncha hadi ncha haisomeki tena.

Sasa niseme kuhusu bei, kwa sababu hapo ndipo wateja wanapochezewa zaidi. Picha ya tangazo huonyesha bangili iliyopambwa kikamilifu, lakini bei iliyoandikwa, kama imeandikwa kabisa na hukuambiwa uje uulize faragha, ni ya bangili tupu. Mapambo huongezwa moja moja, na pingili moja yenye dhahabu mara nyingi hukaribia bei ya bangili tupu nzima. Dhahabu ilipopita dola 4,000 kwa aunsi mwezi Oktoba 2025, wauzaji walipata kisingizio, na baadhi yao wakapandisha hadi pingili za chuma na rangi ambazo hazina hata chembe ya dhahabu. Ukiambiwa bei imepanda kwa sababu ya dhahabu, uliza ni wapi kwenye pingili hiyo dhahabu ilipo.

Uchungu wangu mkubwa zaidi uko kwenye herufi. Pakiti za herufi zinazoletwa huku zimepangwa kwa alfabeti, herufi moja ya kila aina, ambapo Q na X zinakaa bila kazi ilhali majina yetu yanakula A kama mchwa. Anayetaka kuandika Mwanaasha anahitaji A nne, na wauzaji wamekwishaligundua hilo, hivyo A inauzwa peke yake kwa bei ya juu kuliko herufi nyingine yoyote. Kabla ya kulipia bangili tupu, mwandikie muuzaji jina zima unalotaka, muulize jumla ya bei ya herufi zote pamoja na pingili za kujazia hadi kipimo cha mkono wako, na umtake akutumie picha ya upande wa nyuma. Akikutumia ya mbele kwa mara ya pili, tafuta mwingine.