Kipimajoto cha shilingi 6,000: nyota nne

Nina nacho mwaka na miezi miwili sasa. Ni kile cha betri, cheupe, kirefu kama kalamu, chenye ncha ya chuma. Boksi lake lina Kichina na Kiingereza, Kiswahili hata neno moja. Nilikinunua baada ya daktari wa kliniki yetu ya selimundu (sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi) kunisema: "Una miaka 29, nyumbani huna kipimajoto. Homa unajipimaje, kwa kiganja cha mama?" Kusema kweli ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Kwenye kadi yangu aliandika 38.5 akaizungushia duara. Ikifika hapo niende hospitali, hata kama ni usiku wa manane, nisisubiri kukuche. Wengi wetu wenye selimundu bandama huharibika tukiwa bado watoto, na bandama ndiyo inayochuja bakteria kwenye damu. Kwa hiyo homa ambayo mwenzangu anajifunika shuka akaamka mzima, mimi inaweza kunimaliza kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa huo usiku wenyewe. Aprili, masika yanapiga bati, na mimi niko kwenye cherehani namalizia gauni la bibi harusi. Saa nne nikaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Kifua upande wa kulia kinachoma kila nikivuta pumzi. Nikajua ni yale maumivu yetu ya siku zote. Nikabana kipimajoto kwapani, dakika moja na ushee kikalia, mlio wenyewe kama wa kifaranga. Kioo hakina taa, nikamulika kwa tochi ya simu: 39.4. Mama tayari ana Panadol mbili na kikombe cha maji mkononi. Nikameza, tukaita bajaji.

Mapokezi nesi akanipima kwa kile cha bunduki, cha kwenye paji la uso. 37.3. "Dada, homa huna. Kaa pale na wenzako." Panadol ilishafanya kazi yake, na paji langu lilikuwa limelowa mvua. Sisi watu wa selimundu tumezoea kuonekana tunadeka, na mimi nguvu za kubishana sikuwa nazo, ulimi umekauka. Mama akakitoa kipimajoto kwenye pochi, akakiwasha. Kikiwaka kinaanza na 188.8 (usishtuke, kinajikagua tu), halafu kwa sekunde chache kinaleta kipimo cha mwisho. Nesi akainama, akasoma 39.4. Akaniangalia usoni. Akanifunga mashine ya presha: 82 kwa 47, chini mno. Kufumba na kufumbua niko kitandani.

Antibayotiki ya mshipa ilianza kabla majibu ya damu hayajatoka. Ilikuwa nimonia, pafu la kulia, na bakteria walishaingia kwenye damu. Nililala siku kumi na moja, na oksijeni, na chupa mbili za damu. Siku mbili za mwanzo sizikumbuki kabisa. Mama anasema nilikuwa namuuliza tu kama gauni limekuja kuchukuliwa.

Nyota moja nimekinyima kwa haya. Betri yake ni ile ya kitufe, na ilipoisha nilizunguka maduka matatu bure, mpaka fundi saa akaniuzia moja kwa 1,000. Kifuniko kimelegea, nakifunga kwa mpira wa cherehani. Boksi halikuambii kwamba kwapani kinasoma chini kidogo kuliko mdomoni. Kubwa zaidi, kinakumbuka kipimo kimoja tu. Ukipima tena, cha kwanza kimefutika. Ndani ya bajaji nilitaka kujipima tena, mama akanikataza kwa kuwa tulikuwa tunarushwa na mashimo. Ningepima, ningefika pale na namba ndogo na maelezo mengi. Siku hizi kila kipimo nakipiga picha kwa simu, na Panadol nameza baada ya kupima, kamwe si kabla.

Ukienda kununua, kiwashwe mbele yako hapo hapo dukani. Cha kwanza nilichouziwa kilikuwa hakina betri ndani, na muuzaji akaniambia eti ndivyo vinavyokuja.