Stendi ya pembeni na springi yake: ununue ipi kwa pikipiki kuukuu?

Pikipiki kuukuu ikianza kulala sana upande ikiegeshwa, wengi hukimbilia dukani kununua stendi nzima. Ngoja kwanza. Shusha stendi, ishike kwa mkono uitikise. Ikicheza, mara nyingi kilicholika ni bolti na tundu lake, mguu wenyewe bado mzima. Na kama sikio la fremu, kile kipande cha chuma stendi inapofungwa, limepinda, au tundu lake limepanuka, stendi mpya utakayoifunga hapo italegea vilevile. Hapo muone fundi wa kuchomelea kabla ya muuza spea, na akichomelea, springi iwe imetolewa na betri imechomolewa.

Springi ndiyo ya kutolea pesa bila kusita. Pikipiki nyingi za siku hizi zina swichi inayozima injini ukiingiza gia stendi ikiwa chini. Za zamani hazina. Kinachozuia mguu usishuke njiani ni springi tu. Stendi kwa kawaida iko kushoto, kwa hiyo ikishuka ukiwa unakata kona ya kushoto, chuma kinachimba lami na kukubwaga.

Sasa chaguo, kuanzia ninaloliamini zaidi.

La kwanza litawashangaza wauza spea: stendi orijino iliyotumika, ya modeli ileile, pamoja na springi mpya na bolti mpya. Chuma cha stendi hakichakai haraka kikiwa hakijapinda wala kuchomelewa, na kwa pikipiki ambazo hazitengenezwi tena, hii ndiyo njia rahisi ya kupata urefu sahihi. Gerezani pale Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga kwa walio Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi uzilaze pamoja: urefu, mkunjo, unene wa sehemu ya bolti, na mahali pa kushikia springi. Stendi ikizidi urefu, pikipiki inasimama wima mno na kusukumwa kidogo tu inaanguka upande wa pili. Springi iliyotumika usichukue hata ukipewa bure.

La pili ni seti mpya orijino kutoka kwa wakala. Kama una Boxer au TVS, ambazo spea zake zimejaa, hili linapanda kuwa la kwanza na huna haja ya kuhangaika na mtumba. Nimeliweka la pili kwa sababu mwenye pikipiki kuukuu kweli mara nyingi huambiwa spea haipo.

La tatu ni mpya ya kuiga. Si mbaya zote, ila jihadhari na ile kauli ya “hii inaingia zote, bosi”. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 zina injini iliyofuata ile ya Honda CG125, kwa hiyo watu hudhani kila kitu kinabadilishana. Injini zinafanana, fremu ni hadithi nyingine. Ukiichukua hii, tupa springi iliyokuja nayo kama haipiti ukaguzi nitakaoueleza hapa chini.

La nne ni kuunga mguu uliokatika kwa kuchomelea. Kwa wiki chache sawa, kama bodaboda ndiyo chakula cha nyumbani. Abiria asipande pikipiki ikiwa imeegemea mguu huo, wala usiupakilie gunia la mkaa.

Na ile mipira ya tyubu inayofungwa badala ya springi? Siihesabu. Jua na oili vinailegeza, na haikuonyi kabla ya kukatika.

Kukagua springi dukani ni kazi ya dakika moja. Iinue kwenye mwanga: pingili zote zinatakiwa zigusane. Ukiona mwanga unapita katikati yake, imechoka au imetengenezwa ovyo. Kisha tazama ndoano zake mbili, hasa penye mkunjo, kwa maana ndipo springi hukatikia. Kukiwa na ufa, kutu iliyochimba au alama ya plaizi, rudisha. Linganisha pia unene wa waya na springi ya zamani. Urefu usiulinganishe, ya zamani huenda imeshanyooka. Asitokee fundi wa kukukunjia ndoano kwa moto. Moto unaua ukakamavu wa chuma.

Bolti iwe na shingo laini pale mguu unapozungukia. Yenye uzi mwanzo hadi mwisho inakula tundu kama tupa. Paka grisi, kaza, halafu nati ya pili iizuie isilegee, mguu ukiendelea kuzunguka bila kukwama.

Kuvalisha springi ndiko kunakoumiza watu, kwani bisibisi ikiteleza inaelekea usoni. Ibane springi kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani cha fundi, ipinde upande mmoja na uchomeke sarafu kwenye kila upenyo, kisha ipinde upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Itabaki imerefuka, utaivalisha kwa mkono. Ukishusha stendi, pingili zinaachana na sarafu zinadondoka.

Mwisho jaribu: ipandishe kwa mguu. Ikivuka katikati inatakiwa imalizie yenyewe kwa kishindo. Ikiwa juu, isukume chini kidogo na uiachie. Isiporudi yenyewe, usiondoke gereji.