Nyama choma ya shughuli Arusha na Moshi: ukodi nani, njia nne nimezipanga kuanzia namba moja

Kama kikao cha kipaimara, send-off au graduation kimeshakaa na wewe ndo umetupiwa kamati ya chakula, pole na hongera, soma hapa kabla hujamtumia mtu advansi. Watu wengi wanauliza "sahani shilingi ngapi" wakati swali la kwanza linatakiwa liwe nani atasimama kwenye moto siku hiyo na atauwasha saa ngapi. Ukijibiwa "tutatuma vijana", endelea kutafuta.

Kwanza hesabu, maana hapa ndo kamati zinapigwa. Weka nusu kilo ya nyama mbichi yenye mfupa kwa mtu mzima mmoja. Mbuzi hai wa kilo 30 akishachinjwa na kuchunwa anabaki kilo 13 hadi 15, af moto nao unachukua robo mpaka theluthi ya uzito, kwa hiyo wageni 50 ni kilo 25, yaani karibu mbuzi wawili wa saizi hiyo, na hapo kuku na kitimoto bado hujagusa. Mtu akikuambia mbuzi mmoja anatosha watu 50 muulize ni mbuzi au ng'ombe.

NAMBA MOJA: nunua nyama mwenyewe, kodi mchomaji. Kwa shughuli ya watu 40 mpaka 150 sijaona cha kuishinda hii. Unaenda mnadani, Weruweru kwa watu wa Moshi, Meserani au Ngaramtoni kwa watu wa Arusha, na unaenda na mzee anayejua mbuzi, sio na washkaji wa kupiga picha. Mfungue mbuzi mdomo. Meno mawili makubwa mbele pale chini, huyo kavuka mwaka na bado laini. Ukiona manane yote makubwa, huyo kashafika kama miaka minne, mpeleke kwenye supu. Chukua aliyehasiwa, beberu mzima ana harufu ambayo hata limau la gunia zima haliitoi. Achinjwe machinjioni, afisa mifugo aipige muhuri, na kama una wageni Waislamu mchinjaji awe Muislamu, hilo sio la kujadili kwenye kikao. Faida nyingine ni kwamba kichwa, miguu na utumbo vinabaki kwako, asubuhi ya shughuli wazee wanapata supu, na kwa wanaojua mambo yao kisusio pia, ile supu yenye damu.

Mchomaji mzuri unamjua kabla hajaweka nyama. Anawasha mkaa mapema, anasubiri miali ife mpaka mkaa uwe na majivu meupe juu, af anausogeza upande mmoja ili apate sehemu ya moto mkali na sehemu ya moto wa pole. Mguu wa mbuzi anauweka mzima, sio vipande, kwenye upande wa pole, saa moja na nusu mpaka mbili, anageuza, ananyunyizia maji ya chumvi na limau, mafuta yakidondoka na moto ukiruka anahamisha nyama badala ya kuumwagia mkaa maji majivu yakarukia chakula. Anakata mwishoni, mbele ya mgeni. Mwenye haraka anakata vidogo vidogo mwanzoni na unaletewa vitu vyeusi nje, damu ndani. Mpe nauli, msaidizi mmoja, mkaa mkavu wa kutosha na kivuli. Mvua ya masika ikianza mkaa unapanda bei na mwingi unauzwa umelowa, nunua mapema uweke ndani.

NAMBA MBILI: keteringi wanaochoma hapo hapo ukumbini. Ni gharama zaidi lakini unalala usingizi, kuna bafe, sahani, wahudumu, mtu wa kuosha. Nawapa namba mbili na sio moja kwa sababu moja tu, wengine wanachemsha nyama nyumbani kwao usiku af wanakuja kuibabua juu ya mkaa ionekane choma. Ukitaka kuwajua chukua ubavu, ukate, ukiona nyama ndani ni ya kijivu mpaka kwenye mfupa, nyuzi zinachambuka kama ya mchuzi na ukiibana haitoi hata tone la maji, hiyo ilipita sufuriani. Kwenye makubaliano andika nyama ije mbichi na jiko liwake ukumbini. Andika pia kilo, sio "nyama ya kutosha". Na uliza hotpoti, choma ikifungiwa humo inatoka imelegea kama ya mvuke, bora itoke kidogo kidogo. Chakula kikiwa bafe kisikae vuguvugu zaidi ya masaa mawili, hasa kuku na kachumbari.

Kitimoto kikiwepo, na kwa mikoa yetu hii mara nyingi kitakuwepo, jiko lake liwe mbali, kisu chake, ubao wake na mtu wake. Usikubali "tutaosha".

NAMBA TATU: nyama ya kuivishwa taratibu kwa moshi, ile staili ya Texas. Siku hizi watu wanaitaka kwenye bethdei na pati za ofisi, na ikifanywa vizuri ni tamu kweli. Inakaa kwenye moshi wa nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, kipande kikubwa kinaweza kufika masaa 12, mpaka ndani kifike kama nyuzi 90 na kitu, hapo ile mishipa migumu inayeyuka. Katikati, kwenye nyuzi 70 hivi, joto linagoma kupanda masaa mengi kwa sababu nyama inatoa jasho, asiyejua anaongeza moto na kuiharibu, anayejua anaifunga kwenye karatasi na kusubiri. Shida yetu ni kidari. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana kidari chembamba kisicho na mafuta, masaa 12 kinakuwa kiatu. Agiza bega la nguruwe au mbavu nene za ng'ombe. Muulize kuni gani, akisema matawi ya kahawa yaliyopogolewa shambani, yakakauka vizuri, kaa naye. Akisema msonobari kimbia, ule utomvu unaacha uchungu kwenye nyama. Kwa watu 15 mpaka 30 ni chaguo zuri, kwa harusi ya watu 200 hapana.

NAMBA NNE: kuagiza kwenye joint ikaletwa. Kwa Mromboo pale Arusha panajulikana kwa choma, na ukienda kula pale pale hutajuta, ila choma inayosafiri nusu saa kwenye foili sio choma tena. Kama mko chini ya 20 pelekeni watu kwenye nyama, msipeleke nyama kwa watu.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, sijaipa namba. Ule ni mzigo wa heshima, unaingia na shangwe na majani mdomoni, wakwe wanalishwa, picha zinapigwa. Usiihesabu kwenye kilo za wageni, maana ikishakatwa inaisha meza kuu.

Vya pembeni usiviache mwishoni. Ndizi za kuchoma ziwe nyingi kuliko unavyodhani, nenda asubuhi sokoni, Mbuyuni kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha. Machalari (ndizi na nyama) au kiburu (ndizi na maharage) kwa wanaotaka kushiba kweli, loshoro (mahindi na maziwa mgando) kama ukoo una Wameru na Waarusha, ugali usikosekane hata kama shangazi anasema ni wa nyumbani. Kachumbari ikatwe nusu saa kabla, chumvi iwekwe wakati wa kupakua, la sivyo unapeleka mezani bakuli la maji. Pilipili itengwe.

Malipo: nusu mbele, robo jiko likiwaka, robo mgeni wa mwisho akishakula. Na kwa Moshi, Desemba watu wote wakiwa wamepanda nyumbani, wachomaji wazuri wanakuwa wameshabukiwa na mbuzi kapanda bei, kwa hiyo mbuzi mnunue Novemba mapema, umfunge nyuma ya nyumba, majani ya migomba yapo.