Uzoefu wangu na ethtool: ping safi, bakapu haifiki

Kama unatunza seva za Linux na hujawahi kutumia ethtool, amri ya kutazama na kubadilisha mipangilio ya kadi ya mtandao, anza nayo kabla ya programu nyingine yoyote ya mtandao. Mimi naitumia kwenye Debian, na kesi iliyonifanya niiamini kabisa ni ya seva ya mafaili katika ofisi moja. Wafanyakazi walikuwa wanafungua hati ndogo bila shida, lakini bakapu ya usiku ilikuwa inakutwa asubuhi bado haijaisha. Ping, jaribio fupi la kuona kama mashine inajibu, ilikuwa safi, diski nzima. Lawama zilishaanza kumwendea mtoa huduma wa intaneti, ingawa mafaili yale hayakuwa yanatoka hata nje ya jengo.

Niliandika `ethtool eth0` (eth0 ni jina la kadi ya mtandao), basi. Ikajibu: Speed 100Mb/s, Duplex Half, Auto-negotiation on, yaani kadi na kifaa cha upande wa pili wanakubaliana wenyewe kasi na dupleksi. Kadi ile ni ya gigabiti, yaani 1000Mb/s. Kuikuta kwenye 100 ni jambo la kuulizia. Kuikuta kwenye nusu dupleksi, ambapo kutuma na kupokea ni kwa zamu, ni dalili kwamba upande wa pili wa kebo kuna mpangilio uliolazimishwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mlango wa swichi, kifaa kinachounganisha kebo za ofisi, ulikuwa umewekwa kwa mkono 100 na dupleksi kamili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Ukiufunga hivyo, kwa kawaida swichi huacha kutangaza uwezo wake. Kadi inaweza kuijua kasi kutokana na mawimbi yanayokuja, lakini dupleksi haijulikani kwa njia hiyo, na kiwango cha IEEE 802.3 kinaitaka ichukue nusu. Swichi inatuma wakati wowote; kadi ikisikia ishara katikati ya kutuma inadhani pakiti zimegongana, inakatiza. Ping chache zinapita kwa sababu waya mara nyingi uko wazi. Bakapu ikianza, data inaenda na majibu yanarudi kwa pamoja, pakiti zinaharibika, TCP, itifaki inayosafirisha data hiyo, inapunguza mwendo. `ethtool -S eth0` ilionyesha migongano ya kuchelewa ikiongezeka, na swichi nayo ilikuwa inahesabu makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika zimeharibika. Ukiona jozi hiyo, usitafute kwingine.

Wengi watakushauri uandike `ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off` ili pande zifanane. Inafanya kazi, lakini siipendi hata kidogo: atakayebadilisha swichi kesho ataingia kwenye tatizo lile lile, na gigabiti ya kebo za shaba inahitaji upatanisho wa kiotomatiki (auto-negotiation). Tulirudisha mlango wa swichi kwenye auto. Kadi ikapanda hadi 1000Mb/s, Full, na bakapu sasa inaisha kabla watu hawajaingia kazini.

Kasoro zipo. Unachobadilisha kwa -s hupotea seva ikiwashwa upya, mpaka ukiandike kwenye mipangilio ya mfumo. Majina ya takwimu za -S yanategemea draiva, kwa hiyo ulichozoea kwenye kadi ya Intel hutakikuta vilevile kwenye Realtek. Halafu -s na -S zinatofautiana kwa ukubwa wa herufi tu, wakati -S inasoma na -s inabadilisha. Ukiwa umeingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH kupitia kadi hiyo hiyo, kosa dogo linaweza kukukata. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa seva, kazi hii inafanywa na ifconfig: `ifconfig em0` kutazama, `ifconfig em0 media autoselect` kurudisha. Na mii-tool, amri ya zamani ya kazi kama hii kwenye Linux, iacheni ipumzike, haikuundwa kwa ajili ya gigabiti.

Ikiwa pande zote ziko auto na bado unapata 100 Full, badilisha kebo kwanza. Kasi ya 100 inatosheka na jozi mbili za nyaya, gigabiti inataka zote nne, na kebo iliyobanwa na mguu wa meza hupoteza jozi moja kimyakimya. Hujui ni tundu lipi kati ya manne nyuma ya seva? `ethtool -p eth0` inawasha na kuzima taa ya kadi husika. Amri hiyo peke yake inanitosha kuipa nyota tano.