Redio ya mkononi ya rubani: nyota nne

Hii redio niliinunua kama akiba tu. Halafu siku moja natoka Amboseli kurudi uwanja wa Wilson, Nairobi, na ndege ya klabu, altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa ndege, ikafa. Redio ya ndege ikakwaruza, ikanyamaza. Injini haikushtuka, maana magneto, vijenereta vidogo vya injini, hutoa cheche bila betri, lakini mimi nilikuwa roho mkononi. Ile namba 7600 ya kutangaza redio imekufa ungeiingiza wapi, na transponda yenyewe, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, imezimika? Na pale mbele ni anga ya JKIA, uwanja mkubwa wa Nairobi, mandege makubwa yanashuka.

Nikaitoa hii redio ya mkononi mfukoni mwa kiti. Antena yake fupi ya mpira haifiki mbali ukiwa ndani ya bodi la bati, kwa hiyo mnara wa kuongozea ndege ulinijibu nilipokaribia tu. Sauti safi kabisa kwenye hedseti. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta taa ya kijani ya mnarani, ile ya ruhusa ya kutua.

Sasa lawama: waya wa kuunganisha hedseti unauzwa kando, na muuzaji aliniambia si lazima. Ni lazima, jamani! Bila huo waya, kelele za injini zinameza kila neno. Betri inakaa na chaji vizuri. Nyota ya tano watapata wakiutia waya ndani ya boksi.