Programu za kufagia mafaili ya muda: anza na ile ambayo hulipii

Steshenari yangu iko Mwenge, na mashine ya kuchapia ina SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, ya GB 128. Mwezi uliopita diski C iligeuka nyekundu katikati ya foleni, dada wa watu kashika simu anasubiri CV yake itoke. Fundi akataka elfu thelathini "kuisafisha". Nikabonyeza kitufe cha Windows na R, nikaandika %temp%, ikafunguka folda ambamo programu hutupia mafaili yao ya muda, nikakuta GB 11 za takataka, nikazifuta. Elfu thelathini yangu ikabaki droo.

Namba moja ni Storage Sense, kifagio cha Windows yenyewe. Kama una Windows 10 au 11, tayari unayo, na hailambi bando. Ingia Settings, System, Storage, uiwashe. Unaipangia ifagie kila siku, kila wiki, kila mwezi, au diski inapokaribia kujaa. Recycle Bin nayo unaipa siku: 1, 14, 30 au 60. Angalia sana sehemu ya Downloads. Kwenye kompyuta ya nyumbani iache Never, maana ukiipa siku 30 itafuta kila ulichopakua usikifungue kwa muda huo, risiti ya ada ikiwemo. Dukani kwangu nimeipa siku 14 makusudi. Vyeti na vitambulisho vya NIDA vya wateja vina kazi gani kwangu baada ya kuchapwa?

Namba mbili, BleachBit. Ni bure, chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua), ipo ya Windows na ya Linux. Naipendea kitu kimoja: inakuonesha itakachofuta kabla haijafuta. Ila haijiendeshi yenyewe, ratiba unaitengeneza kwenye Task Scheduler, kipanga-ratiba cha Windows. Na usiweke tiki kwenye Passwords kwa kiherehere; nenosiri ulizohifadhi kwenye kivinjari zitaondoka, uanze kukumbuka la benki.

CCleaner naiweka ya tatu. Inafagia vizuri, lakini kujifagia kwa ratiba ni ya wanaolipia, na bado sijasahau mwaka 2017, wadukuzi walipopenyeza kirusi kwenye toleo lake la 5.33, watu wakakipakua pamoja na programu halali.

Ile ya kwenye flashi ya fundi, "full version, bosi, haina malipo", sijaipa hata namba.

Ukishafagia na diski bado nyekundu, mafaili ya muda si mchawi wako. Tazama kama kuna folda ya Windows.old, mabaki ya toleo la zamani. Kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10 hivi. Kama haipo, hela uliyotaka kulipia programu ipeleke Kariakoo ukanunue SSD ya GB 256, na fundi ahamishe mafaili yako ukiwa umekaa pembeni yake.